Namna ya Kuweka Daftari la Filamu: Zinazosubiriwa na za Zamani Tunazozipenda

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba majambazi wa Gabbar Singh, katika filamu ya Kihindi ya Sholay, walifika kijijini Ramgarh wakidai magunia ya uwele. Niliiona filamu hiyo kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, katika kibanda umiza kimoja cha Chang'ombe hapa Dodoma, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi ya mbao mbele ya runinga moja ndogo, na neno hilo la uwele lilinikaa kichwani kiasi kwamba nililisimulia kwa watu wengi kama ushahidi kuwa mkulima wa India na mkulima wa Bahi wanaishi maisha yaleyale. Nilipoipata tena filamu hiyo nikiwa mtu mzima, ikiwa na sauti yake ya asili na tafsiri ya maandishi chini ya picha, niligundua kwamba majambazi wale wanadai nafaka tu. Uwele uliletwa na mtafsiri wetu, aliyekuwa akikaa pembeni ya deki na kipaza sauti mkononi, akiwafasiria watoto wa Kigogo hadithi ya mbali kwa nafaka waliyoila nyumbani kwao.

Tangu hapo nimekuwa nikiweka daftari la filamu, na katika mwongozo huu ninaeleza namna ninavyoliweka, ili mpenzi mwingine wa filamu aweze kuanza lake bila kupitia makosa niliyoyapitia mimi. Kanuni inayobeba kazi yote ni moja. Andika unachokitarajia kabla ya kuona filamu, andika ulichokihisi mara baada ya kuiona, na usirudi kamwe kufuta cha kwanza ili kifanane na cha pili. Mtu asiyeandika matarajio yake husema baada ya filamu kwamba alijua tangu mwanzo itakuwa nzuri, au mbaya, naye husema hivyo kwa moyo safi kabisa, kwa sababu kumbukumbu imekwisha kujirekebisha bila kumwomba ruhusa.

Daftari lenyewe

Daftari lisikusumbue. Kaunta buku ya kwaya mbili, ya aina inayouzwa katika steshenari yoyote, inatosha kwa mwaka mzima. Fungua kurasa mbili zinazotazamana kwa kila filamu: ukurasa wa kushoto uwe wa kabla, wa kulia uwe wa baada, na chini ya ukurasa wa kulia uache nafasi ya mistari minane au kumi kwa ajili ya siku utakayorudi. Juu kabisa andika tarehe, mahali, na chombo ulichotumia, kwa maana filamu iliyoonekana kwenye pazia kubwa na filamu iliyoonekana kwenye simu ndani ya daladala hazikuacha alama ileile hata kama ni moja. Andika pia lugha uliyoisikia: sauti ya asili, tafsiri ya maandishi, au tafsiri ya mdomo. Kwa mtazamaji wa Tanzania hilo la mwisho si jambo dogo, na nitalirudia.

Wapo wanaopendelea kuandika kwenye simu. Siwakatazi, lakini simu inarahisisha mno kufuta, na daftari hili linategemea kutofuta.

Filamu zinazosubiriwa

Chagua chache. Ukiamua kufuatilia kila filamu inayotangazwa, ndani ya miezi miwili utakuwa unanakili orodha tu, na hamu haitakuwapo tena. Mimi huchagua nne kwa nusu mwaka, na angalau moja kati ya hizo lazima iwe ya Kitanzania au ya nchi jirani, kwa kuwa nisipojilazimisha hivyo matangazo ya Marekani yatajaza nafasi zote nne yenyewe.

Kabla hujaangalia kionjo chochote (trela), andika sababu ya kuisubiri filamu hiyo, na sababu hiyo iwe na swali ambalo filamu yenyewe itaweza kulijibu. Nichukue mfano wa The Odyssey ya Christopher Nolan, ambayo ilitangazwa kutoka tarehe 17 Julai 2026, Matt Damon akiigiza kama Odysseus. Ningeweza kuandika kwamba naisubiri kwa sababu mwongozaji ni hodari, lakini sentensi hiyo haina kazi, kwa maana filamu haiwezi kuithibitisha wala kuikanusha. Nilichoandika ni hiki: utenzi wa Homer, mshairi wa kale wa Ugiriki, ambao filamu hii inatokana nao, hauanzi mwanzoni mwa safari, unaanza miaka mingi baada ya vita ya Troya, shujaa akiwa bado hajafika kwake, kisha yeye mwenyewe anasimulia mbele ya wenyeji wake yale yaliyompata njiani. Je, mwongozaji anayependa kuchezea mpangilio wa wakati ataufuata utenzi katika hilo, au ataunyoosha ili tuanze bandarini? Swali la namna hiyo humfanya mtu akae kwenye kiti akiwa macho, na yeyote aliyewahi kukaa kusikiliza utenzi ukighaniwa ataelewa kwa nini jibu lake lina uzito kwangu.

Andika hofu pia. Wapenzi wengi huandika tu wanachokitamani, kisha wanashangaa kwa nini wamekasirika. Ilipotangazwa mwaka 2024 kwamba Robert Downey Jr. atarudi katika filamu za Marvel kama Doctor Doom, ndani ya Avengers: Doomsday, nilifurahi kwa dakika chache tu, na baada yake nikaingiwa na wasiwasi ulionikaa kwa siku nyingi. Mwigizaji huyo aliigiza kama shujaa Tony Stark, yaani Iron Man, kuanzia mwaka 2008 hadi alipomzika kwa heshima mwaka 2019, na nilihofia kwamba sura yake katika nafasi nyingine ingelegeza kifo kilichonitoa machozi. Hofu hiyo imeandikwa katika ukurasa wa kushoto kwa maneno yaleyale, pamoja na tarehe, na haitaguswa hata filamu ikija kunishangaza kwa uzuri.

Tarehe ya kutoka kwa filamu iandikwe kwa penseli. Avengers: Doomsday ilitangazwa kwanza kwa tarehe 1 Mei 2026, kisha ikasogezwa hadi tarehe 18 Desemba mwaka huohuo. Filamu ya James Bond ya No Time to Die, iliyokuwa itoke Aprili 2020, iliahirishwa mara kwa mara kwa sababu ya UVIKO-19 hadi ikaonekana mwishoni mwa Septemba 2021. Kila tarehe inaposogea, iache ya zamani ikiwa imekatwa kwa mstari mmoja, kwa kuwa urefu wa kungoja ni sehemu ya hisia utakazoingia nazo.

Sasa kionjo. Yafaa kwanza ukumbuke kwamba mara nyingi kionjo hakitengenezwi na mwongozaji wa filamu, bali na watu wa matangazo, nao wana ruhusa ya kukata, kupanga upya na hata kubadilisha picha. Kionjo cha Avengers: Infinity War kilimwonyesha Hulk akikimbia bega kwa bega na wenzake katika uwanja wa vita wa Wakanda, lakini katika filamu yenyewe ya mwaka 2018 Hulk anakataa kutokea, na Bruce Banner, yule mtu anayegeuka kuwa Hulk, anapigana akiwa ndani ya vazi la chuma. Katika vionjo vya Spider-Man: No Way Home ya mwaka 2021, watengenezaji waliwafuta kwa kompyuta mashujaa wawili waliokuwa katika picha, ili wasitoboe siri ya nani amerudi. Sioni kosa katika hila hiyo ya pili, kwa sababu ilimlinda mtazamaji. Ile ya kwanza ilimwahidi kitu ambacho hakikuwapo. Tofauti hiyo iandike kila unapoigundua, maana baada ya vionjo kumi utaanza kuona ni kampuni zipi zinazotunza siri na zipi zinazouza picha ambayo hawana.

Kiangalie kionjo mara tatu, na mara hizo zisifanane. Mara ya kwanza kiangalie kama kilivyo, kisha uandike sentensi moja ya kile ulichokisikia moyoni kabla akili haijaanza kuchambua. Mara ya pili zima sauti: hapo utaona ni picha ngapi zina maana zenyewe na ni ngapi zilikuwa zikibebwa na ngoma na kelele. Mara ya tatu fumba macho usikilize tu, na mara nyingi utasikia mazungumzo yaliyotolewa sehemu mbili tofauti yakaunganishwa kama swali na jibu. Kwa anayehesabu bando, punguza ubora wa picha hadi 360. Kwa kazi hii hautapoteza lolote, na kionjo hicho kitakula sehemu ndogo tu ya kile ambacho kingeliwa na ubora wa juu. Ukishamaliza mara tatu, acha. Usiangalie kionjo cha pili wala cha tatu cha filamu hiyohiyo, kwa sababu vionjo vya mwisho hutolewa wakati mauzo ya tiketi yanatafutwa, na ndivyo vinavyomwaga uhondo.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha kionjo ni cha kweli. Siku hizi vionjo vilivyotengenezwa na mashabiki kwa akili mnemba vimejaa mitandaoni, vingine vikiwa na sura za waigizaji ambao hawajawahi kusaini filamu hiyo. Tafuta ukurasa wa studio yenyewe au wa mwongozaji. Nimewahi kujaza kurasa mbili nzima juu ya kionjo cha uongo, nikamsimulia hadi kaka yangu kwa furaha kubwa, na kurasa hizo bado zipo kwenye daftari kwa sababu ya kanuni ya kutofuta.

Siku ya kuangalia

Kwa filamu ninazozipa uzito mkubwa husafiri hadi Dar es Salaam nikazione kwenye pazia kubwa, na tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari hiyo imekuwa ya saa chache badala ya kuimaliza siku nzima barabarani. Ninataja jambo hili si kwa kujionyesha; ni kwa sababu safari ya kurudi ndiyo meza bora ya kuandikia niliyowahi kuipata. Kati ya Morogoro na mahandaki ya Kilosa mtandao wa simu hukatika mara kwa mara, kwa hiyo mtu hawezi kusoma maoni ya wengine hata akitamani, na hisia zake zinabaki zake.

Usiandike ukiwa ndani ya jumba la sinema. Mwanga wa simu huwaudhi walio nyuma yako, na macho yaliyoshuka kwenye karatasi yamekosa kitu. Andika ndani ya saa ishirini na nne, kabla hujasikia maoni ya mtu mwingine. Anza na tukio lililokurudia akilini lenyewe, bila kulitafuta, hata kama ni dogo na halina maana katika hadithi. Kisha andika mahali ulipochoka, uliyemhurumia, sauti unayoikumbuka, na jibu la swali uliloliacha ukurasa wa kushoto. Nyota na alama za kumi kwa kumi mimi sizitumii. Namba haikumbushi chochote baada ya miaka mitatu, lakini tukio linakumbusha.

Maneno ya jumla yana madhara yaleyale. Ukiandika kwamba filamu ni kali, au imetulia, au imeboa, umejinyima kitu. Kila unapojikuta umeandika neno la namna hiyo, ongeza mbele yake neno "pale", na ulazimike kumalizia: ilichosha pale walipoeleza mpango wa wizi kwa mara ya pili, ilinigusa pale mama alipokunja shuka la mwanawe bila kusema neno. Kuna kurasa zangu za miaka ya mwanzo ambazo hazina hata "pale" moja, nami siwezi kusema leo filamu hizo zilinifanyia nini.

Huu hapa mfano kutoka kwenye daftari langu, kuhusu The Lion King ya mwaka 2019, iliyorudia katuni ya mwaka 1994. Kushoto niliandika: "Natarajia kulia tena Mufasa atakapoanguka bondeni. Nahofia nyimbo zitakuwa zimebadilishwa." Kulia niliandika: "Sikulia. Simba hawa wanafanana na simba wa Ruaha kabisa, manyoya hadi makucha, na simba wa kweli haonyeshi huzuni usoni kama binadamu. Katuni ilikuwa na nyusi. Nyimbo hazikuwa tatizo." Mistari hiyo michache inanitosha. Neno "nyusi" peke yake linanirudishia saa mbili nzima.

Na mtazamaji wa Kiswahili ana jambo la ziada la kuandika katika filamu kama hiyo. Mgeni husikia Simba, Rafiki, Shenzi na Pumbaa kama sauti nzuri za Kiafrika, lakini sisi tunasikia maana. Tunajua tangu mwanzo kwamba fisi ameitwa tusi na kwamba ngiri amepewa jina la kupumbaa, na tunamsikia nyani mwenye hekima akiitwa kwa neno tunalomwitia mtu yeyote tunayempenda. Yale unayoyasikia wewe na ambayo mtazamaji wa London hayasikii, yape mstari wake kila mara, kwani hakuna mchambuzi wa huko atakayekuandikia.

Filamu za zamani

Hapa ndipo daftari linapolipa, na hapa ndipo nakuomba uwe na subira zaidi. Filamu mpya unakutana nayo mara ya kwanza, kwa hiyo ukurasa wa kushoto una matarajio. Filamu ya zamani unayoipenda ina kitu kingine kushoto: kumbukumbu. Kabla hujairudia, kaa chini uandike hadithi yake yote kama unavyoikumbuka, mwanzo hadi mwisho, pamoja na maneno unayoyakumbuka ya waigizaji, na jinsi inavyoisha. Andika pia ulikuwa na nani, mlikaa wapi, mlilipa kiasi gani, na umeme ulikatika mara ngapi. Usichungulie popote. Makosa yako ndiyo mali ya ukurasa huo.

Halafu chunguza ni toleo gani uliloliona. Katika Sholay, iliyotoka mwaka 1975 ikiongozwa na Ramesh Sippy, mwisho wa awali ulikuwa Thakur, mtu aliyekatwa mikono na Gabbar, akimuua adui yake kwa miguu. Bodi ya ukaguzi ya India haikukubali raia ajichukulie sheria mkononi, na watengenezaji wakapiga upya mwisho ambao polisi wanawahi na kumkamata Gabbar. Huo wa polisi ndio walioujua watazamaji wengi duniani kwa nusu karne, hadi filamu iliposafishwa na kuonyeshwa Bologna, Italia, mwaka 2025, ikiwa na mwisho ule wa kwanza. Kwa hiyo filamu ya zamani inaweza kugeuka kuwa filamu inayosubiriwa, na ukurasa wake ukaanza upya. Niliposikia habari hiyo nilitetemeka kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimeandika kushoto, miaka mingi kabla, kwamba mwisho wa polisi haukutosheleza hasira niliyokuwa nimejengewa kwa saa tatu.

Baada ya kujua toleo, iangalie peke yako kwanza, katika sauti ya asili, kisha utenganishe vitu vitatu ambavyo utotoni vilikuwa kimoja: filamu yenyewe, mtafsiri, na mahali. Mtafsiri asidharauliwe. Watu kama Lufufu, ambaye sauti yake ilisambaa kwenye kanda na baadaye kwenye diski kote nchini, walifanya zaidi ya kutafsiri. Walishusha sauti ya filamu, wakaigiza wahusika wote kwa mdomo mmoja, wakaeleza desturi za ugenini, wakamwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na wakaziba kwa maneno yao pengo lolote ambalo mtazamaji wa Kitanzania angelikwama nalo. Kwa hiyo mpe mtafsiri safu yake katika ukurasa wa kulia. Andika alichoongeza, alichokiacha, na mahali ambapo maneno yake yalikuwa bora kuliko ya awali. Yule wa kwetu Chang'ombe, alipofika pale Gabbar anapowauliza watu wake maadui walikuwa wangapi, alinyamaza kimya na kuiachia sauti ya Kihindi ipite yenyewe. Leo naona huo ulikuwa uamuzi wa mtu anayeijua kazi yake.

Mahali nako kuna uzito wake. Filamu za Bruce Lee nilizikumbuka kuwa na kasi ya ajabu, na nilipozirudia niliona utulivu mwingi kati ya mapigano, macho yanayopimana kwa muda mrefu. Kasi ilikuwa ya sisi watoto, tuliokuwa tukirusha mateke kwenye vumbi la nje kila kanda ilipokuwa ikirudishwa nyuma. Utotoni sikujua pia kwamba Enter the Dragon ilitoka mwaka 1973 baada ya Lee mwenyewe kufariki, tarehe 20 Julai mwaka huo. Ukilijua hilo, tukio la ukumbi wa vioo lina upweke ambao mtoto wa darasa la tano hakuweza kuuona.

Iko filamu nyingine ambayo ukurasa wake wa kulia ulinigharimu siku kadhaa kuuandika. Sisi tuliiita picha ya chupa ya soda. Jina lake ni The Gods Must Be Crazy, ya mwaka 1980, iliyotengenezwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi, na mwigizaji wake mkuu, N!xau, alikuwa Msan wa Namibia. Kushoto niliandika kwamba ni filamu ya kuchekesha kuliko zote nilizowahi kuziona, na kwamba kibanda kizima kililia kwa kicheko kila N!xau alipozungumza lugha yake yenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi mdomoni. Nilipoirudia, nikiwa nyumbani kwangu Kisasa, nilikumbuka jambo ambalo sikuwa nimeliandika: darasani kwetu alikuwapo mvulana Msandawe, aliyetoka upande wa Chemba, na lugha ya nyumbani kwao ina vidoko vilevile. Alikuwa amekaa nasi kwenye benchi. Sikumbuki kama alicheka. Sikumbuki hata kama nilimtazama. Bado naipenda sehemu ya filamu hiyo, hasa uso wa N!xau anapoitazama chupa kwa mara ya kwanza, lakini nimeandika yote mawili, mapenzi na aibu, bila kuyapatanisha, nami nakushauri ufanye vivyo hivyo. Kipendwa cha zamani kikikuumiza, usikitupe wala usikitetee kwa haraka. Eleza ni tukio gani, ni nani aliyechekwa, na wewe ulikuwa upande gani wa kicheko.

Filamu za Kitanzania zina maumivu ya aina yake. Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, na filamu zake zilizokuwa burudani ya Jumapili jioni kwa familia nyingi sasa huangaliwa na watu wanaojua yaliyofuata. Ukirudia filamu ya mwigizaji aliyefariki, andika mara mbili: kwanza uigizaji wake kama ungekuwa wa mtu aliye hai, ukiukosoa pale unapostahili kukosolewa, kisha majonzi yako. Usipoyatenganisha, majonzi yatatoa alama za juu kwa kila kitu, na mwigizaji hatapata heshima ya kuangaliwa kama msanii.

Filamu iliyotoka kwenye kitabu

Kwa filamu ya namna hii, kitabu ndicho kinachojaza ukurasa wa kushoto. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021 na kupelekwa na Tanzania kushindania Oscar, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Kabla ya kuiangalia, chagua matukio matatu ya riwaya ambayo huwezi kukubali yaachwe, na uyaandike. Mimi nilichagua lile la Yasmini kuikimbia ndoa ya mzee Raza, kwa kuwa ndilo linaloufungua mlango wa hadithi yote. Halafu, baada ya kuona, usihesabu yaliyoachwa kama madeni. Riwaya ina nafasi ya kutueleza mtu anawaza nini. Filamu ina uso wa mtu, mwanga wa dirisha na muziki wa Zanzibar, na mwongozaji lazima auze vingine ili anunue vingine. Andika alichokinunua.

Kuzungumza na wenzako

Daftari si siri, lakini lina adabu zake. Usimweleze mtu mwisho wa filamu aliyokuambia anaisubiri, hata kama ni ya mwaka 1975; kwake bado ni mpya. Shemeji yangu ana kawaida ya kuniuliza, "Shemeji, nisome upande upi?" naye nikimwambia asome wa kushoto tu, anafunika wa kulia kwa kiganja. Kwa watoto, zingatia daraja la umri ambalo Bodi ya Filamu huipa filamu, kisha waachie waandike kurasa zao wenyewe bila kuwasahihisha. Binti yangu aliandika kuhusu katuni moja kwamba hakumpenda malkia kwa sababu hasalimii. Sikuwahi kuliona hilo, na alikuwa sahihi.

Kurudi na kuhifadhi

Miezi mitatu baada ya kuiona filamu, soma kurasa zote mbili na ujaze ile nafasi uliyoiacha chini, kwa kalamu ya rangi nyingine. Filamu nyingi zitahitaji mstari mmoja tu: sijaikumbuka tangu siku ile. Chache zitahitaji nafasi zaidi kuliko uliyoiacha, na hapo gundisha karatasi.

Mwisho, yaweke madaftari mbali na ukuta na mbali na sakafu. Mchwa wa Dodoma hawachagui; kaunta buku yangu ya kwanza, iliyokuwa na kurasa za miaka miwili, niliikuta imebaki jalada na uti wa mgongo tu. Sasa natumia sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali manne, lenye majani makavu ya mwarobaini kati ya daftari na daftari, na ninalifungua kila mwanzo wa mvua za Desemba kulikagua, kwa kuwa huo ndio wakati mchwa wanapoanza kupanda.